Neno "dream" ya Kingereza: maswali yenye banafunzi bananiulizaka kila promosio

Nafundisha Kingereza saa za mangaribi hapa Goma, mu kachumba kamoja kule Katindo, ubao moja, viti munane na batu kumi na bane juu ya hivyo viti. Banafunzi ni bamotari, bamama ba biashara, batu benye banatafuta kazi ku ba-ONG, na mupishi moja mwenye anakujaka na harufu ya samaki ya Kituku lakini njo anaandika muzuri kuliko bote. Kila promosio mupya hii neno "dream" inaleta fujo. Ni herufi tano tu, haiko neno ya nguvu. Shida ni kwamba batu banatoka ku Kiswahili banapita kwanza ku Kifaransa kisha njo banafika ku Kingereza, na mu ile njia ndefu banapoteza mizigo. Nilichoka kujibu kwa voisi saa tano ya usiku, basi niliandika yote hapa. Sikupanga sana, mutanisamehe.

Profu, "dream" maana yake nini kwa ufupi?

Ndoto. Na pia kulota, juu neno ni ileile: "a dream" ni kitu, "to dream" ni kitendo. Ndoto yenyewe iko mbili sawa na kwetu, ile ya usingizi na ile ya "ndoto yangu ni kufungua farmasi", hapo Kiswahili na Kingereza zinaelewana bila shida.

Iko na kazi ya tatu yenye batu banasahau. Ukiweka "dream" mbele ya neno ingine, inageuka sifa: "dream job", "dream house", kazi yenye mutu angetamani kuliko zote, nyumba yenye angetamani kuliko zote. Siye tunasema nyumba ya ndoto, "nyumba" inatangulia, lakini kwa Kingereza "dream" njo inatangulia. Mwanafunzi akiniandikia "house of dream" najua palepale kwamba alikuwa na "maison de rêve" mu kichwa na aliivalisha tu koti ya Kingereza.

"I made a dream" iko sawa?

Hapana, hapana, hapana. Hii njo kosa namba moja ya Goma na Bukavu na Lubumbashi, na inatoka mahali pamoja tu: "faire un rêve". Kwa Kifaransa ndoto "inafanywa". Kwa Kingereza mutu "iko na" ndoto: "I had a dream last night".

Na angalia sasa kitu yenye inanifurahishaka. Siye kwa Kiswahili ya hapa tunasema nini? "Niko na ndoto." Kumbe jibu ulikuwa nayo mu mdomo tangu utoto, mama yako alikufundisha, lakini juu ulikaa miaka kumi na mbili mu masomo ya Kifaransa unaona Kiswahili haiwezi kukusaidia ku Kingereza. Inaweza! Hapa inakusaidia sana.

Nitakupa mufano yenye iliniuma. Motari moja wa promosio ya zamani alienda kufanya interviu ya kazi ya shofere. Bakamuuliza anajiona wapi nyuma ya miaka tano, akajibu kwa sauti nguvu, "I made a dream to be chief of drivers." Mutu wa interviu akaandika kitu ku karatasi, akamuuliza, "You made it? How?" Juu "make a dream" kwa sikio ya Mwingereza inakuwa kama umetengeneza ndoto na mikono, kama mutu anatengeneza chukudu, ile trotinete ya mbao ya kubeba mizigo. Motari akafikiri mzungu anataka hadithi yote, akaanza kuelezea ndoto ya usiku, eti aliona gari nyeupe. Kazi hakupata. Sisemi ni juu ya ile neno peke yake, lakini toka siku ile niliandika "HAVE a dream" ku mulango ya klasi na rangi nyekundu, bado iko pale.

Kuko pia "dream a dream", sawa na vile tunasema "kulota ndoto". Haiko kosa, ila inanuka mashairi kidogo. Mu mazungumzo ya kawaida tumia "have".

Sasa "dream of" ao "dream about"?

Ya usingizi, yote mbili inakubaliwa, lakini "about" njo batu banasema zaidi: "I dreamed about my grandmother." Ya matamanio, "of" inashika nguvu: "She dreams of opening a pharmacy." Angalia ile "opening". Nyuma ya "of" kitendo inavaa mukia ya "-ing". Siyo "dream to open". Najua, najua, "rêver d'ouvrir" njo inakusukuma, na Kiswahili pia hapa haikusaidii juu tunasema "analota kufungua". Hii ni ya kukariri tu, sina dawa ingine.

Kama unataka kuelezea yenye ulilota kwa urefu, tumia "that": "I dreamed that the lake was dry", nililota kama ziwa imekauka. Hapo unaweka sentensi nzima nyuma yake, hakuna "of", hakuna "about".

"Dreamed" ao "dreamt"? Mu kitabu yangu niliona yote mbili

Yote mbili ni sawa. Bamarekani banapenda "dreamed", Baingereza banatumia yote mbili na "dreamt" ku kwao utaisikia zaidi. Kwa kusoma, "dreamt" unatamka "dremt", ile "ea" inakuwa fupi kama "e" ya "leta". Batu banatamka "drimt", hiyo hapana.

Kitu moja ya kuchekesha: "dreamt" na batoto bake kama "daydreamt" njo karibu peke yake mu Kingereza ya kila siku yenye inaisha na "mt". Ukipenda kucheza skrabo iweke akilini.

Chagua moja na ukae nayo. Mwenye anaandika "dreamed" ku mustari ya kwanza na "dreamt" ku mustari ya tatu anaonesha kama alikopia mahali mbili.

Juu ya nini mwanafunzi mwenzangu aliandika "I dream the fire" na ulicheka?

Sikucheka kwa ubaya. Goma iko juu, karibu metre 1.500, usiku kunapiga baridi, na yeye alitaka kusema kwamba mangaribi banakaa banaota moto ku parsele. Alifungua diksionere ya Kiswahili sanifu akaona "kuota" ni "to dream", akachukua bila kuuliza. Kwa Kiswahili sanifu "kuota" ni mufuko moja yenye bameweka vitu tatu: unaota ndoto, unaota moto ao jua, na mahindi inaota. Kwa Kingereza ni vitendo tatu tofauti kabisa. Ya moto ni "warm yourself by the fire", ya mahindi ni "grow" ao "sprout", na ya usingizi peke yake njo "dream".

Na hapa siye ba Kongo tuko na bahati kidogo, juu batu mingi hapa banasema "kulota" na L kwa ndoto, na "kuota" banaiacha kwa moto na mimea. Ile L ndogo inatofautisha. Kama uko unatafsiri, jiulize tu: hapa ningeweka L? Kama ndiyo, ni "dream". Ile L siye hatukuizusha, iko pia ku Lingala, "kolota ndoto", na majirani ba Rwanda banasema "kurota". Sanifu njo iliiangusha njiani.

"I have a dream" ya Martin Luther King, ni ndoto ya usingizi ao ya nini?

Ni ya matamanio, na siyo ya mutu moja, ni ya taifa. Tarehe 28 mwezi wa munane 1963, Washington, mbele ya batu kama 250.000, ku ngazi za mnara ya Lincoln. Mwaka ule ilikuwa miaka mia moja toka Lincoln atangaze uhuru ya batumwa ba majimbo yenye yalimuasi, na King alikuja kusema deni haijalipwa. Ile sehemu ya ndoto haikuwa mu karatasi yenye alitayarisha kwa siku ile, aliiweka palepale akiwa anahubiri, inasemekana mwimbaji Mahalia Jackson alimupigia kelele kutoka nyuma abaelezee ile ndoto, na aliacha karatasi. Alikuwa pasta, na pasta mwenye anajua kazi akisikia mama anaitikia nyuma, anaenda naye, hii siye ba Goma hatuhitaji kufundishwa.

Kwa grameri, angalia "have", siyo "had". Akisema "I had a dream" tungefikiri anaelezea usiku ya jana. "Have" ya sasa njo inafanya iwe ndoto yenye anabeba, haijaisha. Na ile "a" ndogo usiiache! "I have dream" njo naona ku bakopi zote. Kiswahili haina kale ka "a", njo maana kanaanguka, lakini kwa Kingereza bila yenyewe sentensi inachechemea.

Kweli zamani "dream" haikuwa ndoto?

Kweli, na hii njo naipenda kuliko zote. Mu Kingereza ya zamani sana kulikuwa neno "dream" yenye ilikuwa na maana ya furaha, kelele ya karamu, muziki. Ndoto ya usingizi ilikuwa na jina yake ingine, "swefn". Kisha, karibu karne ya 13, "dream" ikaanza kumaanisha ndoto na "swefn" ikakufa. Bataalamu banafikiri lugha ya Baviking njo ilisukuma, juu bo walikuwa na "draumr" kwa ndoto na walikuwa bameshakaa sana mu Uingereza. Kidachi iko na "droom", Kijerumani "Traum", unaona familia ni moja.

Na ile "swefn" yenye ilikufa, ni ndugu wa mbali wa "sommeil" na "songe" za Kifaransa, mizizi ni moja ya zamani. Kwa hiyo ingebaki, leo tungekuwa tunasikia harufu ya Kifaransa ndani, na banafunzi bangu bangepotea hata zaidi. Heri ilikufa.

"Nightmare" ni farasi ya usiku?

Kila mara! Juu "mare" ya leo ni farasi muke, na "night" ni usiku, mutu anajumlisha. Lakini "mare" ya mu "nightmare" ni neno ingine, ni jina ya pepo mubaya yenye batu ba zamani ba Ulaya walisema inakuja kukaa juu ya kifua ya mutu mwenye amelala, anakosa pumzi. Na "cauchemar" ya Kifaransa, angalia mukia yake: "mar". Ni ileile pepo, na ile "cauche" inatoka ku kitendo ya zamani ya kukanyaga, kubana. Kiswahili sanifu inasema jinamizi, na jinamizi ku hadithi ni kitu yenye inakuja kukukandamiza usiku. Batu ba mbali ivi, bote walielezea usiku mubaya kwa namna moja.

Ile hali yenyewe iko, siyo hadithi. Unaamuka, macho inaona chumba, mwili inakataa kutikisika, kifua nzito. Kingereza leo inaiita "sleep paralysis". Mu usingizi kuko kipindi yenye macho inazunguka haraka chini ya kope, Aserinsky na Kleitman ba Chicago njo waliandika juu yake mwaka 1953, na mu kile kipindi ndoto inakuwa nyingi na mwili inalegea isitikisike. Ukiamuka mbele mwili haijaachiliwa, njo ile kitu inakukamata. Mimi ilinikamata mara mbili, mara ya pili nilikuwa nasikia mulinzi anakohoa inje na nashindwa kumuita. Bibi yangu alitaka nilale na Biblia chini ya mto. Nililala nayo pia, juu kukatalia bibi ni kazi ingine.

Matumizi ya kila siku: "nightmare" inasemwa kwa kitu yoyote ya taabu. "The road was a nightmare." Haitaki usingizi.

Mi niliandika "The eruption was like a dream", ukakata na nyekundu. Juu gani?

Nilikata juu nilijua yenye ulitaka kusema na Mwingereza hangejua. Usiku ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo inatapika, mbingu nyekundu kama jiko, tunakimbia na magodoro ku kichwa, bengine upande wa Gisenyi, bengine Sake. Na kweli mutu alikuwa anatembea anajiuliza kama iko macho. Kwa Kiswahili "ilikuwa kama ndoto" inaweza kubeba ile woga. Kwa Kingereza "like a dream" mara mingi inaegemea upande wa uzuri, harusi, safari, "it went like a dream" maana yake ilienda bila shida hata moja! Fikiria mutu wa London anasoma kwamba volkano ilienda bila shida.

Sema "like a bad dream". Ao "It felt unreal". Ao "a nightmare", tumeshaiona juu.

Na kwa kitu nzuri itumie bila woga: "This motorbike runs like a dream", yaani inatembea kama maji.

Pasta mugeni akisema "I wouldn't dream of it" anamaanisha nini? Mukalimani alituchanganya

Aa, hii niliiona na macho, nilikuwa ku kiti ya tatu. Mahubiri ya siku nzima, mugeni anafika ku mwisho, anasema kwa upole, "I wouldn't dream of asking you for money." Mukalimani, kijana muzuri, alikuwa amechoka, alisikia "dream" na "asking" na "money", akapaza sauti: "Nililota niko nabaomba pesa!" Kanisa yote, "Amina!" Bamama bakaanza kufungua vitenge ku kiuno mahali banafungaka pesa. Mugeni anashangaa, mashemasi basha kuleta ndoo. Hakuna mutu alirudisha.

"I wouldn't dream of" ni kukatalia kwa nguvu: hata usingizini haiwezi kunijia. Kwa Kiswahili ungesema "siwezi hata kufikiria" ao "hata kidogo". Ni ya heshima, unaweza kuitumia na mutu mukubwa: akikuambia "usilipe weye", unajibu "I wouldn't dream of letting you pay." Ukiikosa unalipisha kanisa nzima.

"In your dreams!" ni baraka?

Hapana, ni matusi ndogo. Ni sawa kabisa na vile muchuuzi wa Birere anakujibu ukimutajia bei ya utani: "Weye unalota!" Unataka kitenge ya dola kumi na tano kwa dola mbili, jibu ni "In your dreams." Ndugu zake ni "Dream on" na "Keep dreaming", zote zinasema endelea kulala. Kati ya barafiki ni mchezo, na kwa mutu mwenye haujui ni kumudharau. Mwanafunzi moja aliandikia dada mwenye anamupenda "see you in your dreams", alitaka kusema tutaonana mu ndoto, na alikosa kuelewa juu gani dada alinyamaza siku tatu.

"Pipe dream" ni ndoto ya bomba?

Ya kiko. Ku Marekani mwisho ya karne ya 19 walianza kusema hivyo juu ya batu benye walikuwa banavuta afyuni mu kiko, moshi inapanda, na mutu anajiona tajiri. Leo haina tena moshi, ni mpango yenye haitawezekana kamwe.

Na Kiswahili iko na yake nzuri kuipita, wengi hapa tuliisikia ku batu ba Tanzania: ndoto za Alinacha. Alinacha ni ule wa hadithi za Elfu Lela Ulela, ndugu wa kinyozi, aliriti pesa kidogo akanunua vyombo vya kioo, akaviweka mu kitunga mbele yake sokoni. Sasa amekaa anahesabu: nitauza, nitanunua mara mbili, nitauza tena, nitakuwa tajiri, nitaoa binti wa waziri, na akinikasirisha nitamupiga teke hivi. Akarusha muguu. Kitunga chini, vioo vyote vipande. Ukitafsiri "it's a pipe dream" ku batu ba Kiswahili, andika "ni ndoto za Alinacha" na uendelee, usianze kuelezea viko na afyuni.

"Daydream" ni mbaya?

Inategemea nani anasema. Ni kulota macho wazi, mawazo inakimbia mwili inabaki. Mwalimu akisema "stop daydreaming" ni karipio.

"American Dream" na "Dreamers" ni kitu moja?

Hapana, batu banachanganya sana, hata bajournaliste.

"American Dream" ni ile imani kwamba ku Marekani mutu yoyote, hata mwenye alizaliwa mu umaskini, akitumika anaweza kupanda. Mwandishi James Truslow Adams njo aliisambaza mwaka 1931, mu ile taabu kubwa ya uchumi, na yeye mwenyewe alisisitiza haiko ndoto ya magari na mishahara tu. Leo batu bameacha ile sehemu yake, banabaki na magari.

"Dreamers" na D kubwa ni vijana benye walifikishwa Marekani bakiwa batoto, bila karatasi, bakakulia kule. Jina inatoka ku muswada wa sheria yenye ilipelekwa ku bunge yao mwaka 2001, herufi za jina yake zilikuwa zinatengeneza neno "DREAM". Haijapita mupaka leo. Mwaka 2012 Obama aliweka programu ya DACA, inabalinda kidogo, na toka pale mambo iko mu matribunali. Kwa hiyo "dreamer" na d ndogo ni mwenye kulota, na D kubwa ni mutu wa siasa na karatasi. Ukisoma habari angalia ile D.

Na "dreamer" na d ndogo pia ina ncha mbili. Inaweza kuwa sifa, mutu mwenye maono, na inaweza kuwa dharau, kama vile bandugu ba Yosefu walimuita mwenye ndoto kule Mwanzo sura ya 37, mbele ya kumutupa mu shimo.

Na "Dream Team"?

Timu ya basketi ya Marekani, Olimpiki ya Barcelona 1992, Jordan, Magic Johnson, Larry Bird bote pamoja. Mechi yao ya kwanza ya ile Olimpiki ilikuwa na jirani yetu Angola, 116 kwa 48. Leo jina inatumika kwa kundi yoyote yenye imekusanya batu bakali, hata komite ya harusi.

Mu lettre ya kuomba kazi niandike "It is my dream to work for your organisation"?

Grameri iko sawa, ndiyo, "it is my dream to" inaruhusu "to", ni ile "I dream to" njo haikubaliki, nilijua ungeuliza. Lakini kwa maoni yangu uiache. Niliwahi kusaidia ku meza moja ya kuchambua lettres, kazi moja ya logistisien, na kati ya zenye nilishika mimi karibu zote zilianza na ile "my dream". Ku ya kumi jicho haisomi tena. Mwenye alipata nafasi ya interviu aliandika kwamba alisimamia depo ya mafuta miaka ine bila kupoteza hata bido moja. Hiyo bido bado naikumbuka, ndoto za bengine zote nilisahau.

"Sweet dreams" naweza kumuandikia patron wangu usiku?

Hapana, papa. Hiyo ni ya mutoto, ya bibi yako, ya mupenzi. Patron andikia "Good night, sir", na kama ni saa tano usimuandikie kabisa. Mimi pia.